Sauti Chini ya Blanketi

Ngamiani, Tanga
12 Januari 2025

Mdogo wangu Abdulghafur,

Assalaam alaykum. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Waringa na mwanangu Idi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Paa la jikoni limezibwa. Paka wa Edna, jirani yangu wa mlango wa pili, amezaa juu ya kabati langu la vitabu. Edna anasema ni baraka. Yeye apate baraka, mimi nimepata harufu.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu yangu, Ghafuri, ni kisima cha mtaa. Ukituma sauti, watoto wa shemeji yangu wanaifungua kabla yangu na mtaa mzima unakusikia. Na tukizungumza, wewe husema "sote wazima", mimi husema "alhamdulillahi", kisha tunaagana hatujaambiana kitu. Mambo ya kweli nayataka kwenye karatasi. Boniface, yule kijana wa ubalozini, anarudi huko kazini na ameahidi kukufikishia mkononi.

Sasa nije kwenye jambo. Zainab ameposwa. Mposaji ni Sabri, mwenye duka la vipuri vya magari Dar es Salaam, yule aliyeachana na mkewe mwaka juzi. Alikuja na wazee wake, wakala, wakasifu kachumbari, wakasema lao. Ami yake Zainab, ambaye ndiye walii wake tangu mume wangu alipofariki, alitaka kuitikia hata sahani hazijaondolewa. Nikasema hapana, binti yuko masomoni Amerika, yuko kwa mjomba wake, aulizwe kwanza. Basi nakuomba wewe uliye badala ya baba yake huko: mketishe, mweleze vizuri, kisha aniandikie jibu kwa mkono wake. Sitaki jibu la kupokezana.

Na kuna kitu sikielewi. Kila nikipiga, unasema yuko kazini, au yuko maktaba, au yuko bafuni. Bafu gani hilo la kila Ijumaa? Mara ya mwisho nilipompata, sauti ilikuwa imemkauka kama mtu aliyetoka kupiga vigelegele harusini. Anaumwa? Analia? Nifiche vingine, hicho usinifiche.

Habari nyingine ni upuuzi. Wanawake wa mtaa wote wamehamia kwa Edna kila alasiri kutazama filamu za Kifilipino. Vijana wanapendana, wanaloana mvua, wanagombana na wazazi wao, na watu wazima na akili zao wanalia mpaka kanga zinalowa. Wasichana wangu wa madrasa wanakuja macho mekundu, hawajui hata walipoishia kusoma. Nimewaambia darasani waziwazi kwamba hiyo ni fitina ya macho. Mimi simo.

Dada yako,
Mwatime


Landover, Maryland
9 Februari 2025

Dada yangu Mwatime,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako Boniface ameileta mpaka mlangoni, na alipoingia ndani tulilazimika kumpa chai kwa sababu theluji ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Waringa anakusalimu sana. Idi amekuwa mrefu kunipita na bado ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Mimi bado niko kwenye ghala lile lile karibu na uwanja wa mpira, ila wamenipandisha, sasa nasimamia wenzangu upande wa kupakia. Mgongo hauna habari kwamba nimepanda cheo.

Zainab hajambo. Anasoma uuguzi wake, anakwenda kazini kwenye nyumba ya wazee, anarudi chumbani kwake. Sauti kukauka ni baridi tu. Huku kila mtu anakohoa.

Kuhusu Sabri, nilimuuliza kama ulivyoniagiza. Akanyamaza. Nikarudia. Akanyamaza vilevile. Wewe ni mwalimu wa dini, Dada, na ni wewe uliyetufundisha tukiwa wadogo: mwanamwali akiulizwa juu ya ndoa akanyamaza, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Basi nimempigia ami yake nikamwambia binti amekubali, ili usipate taabu ya kwenda kwake na goti lako. Alifurahi sana.

Kuandika hakuwahi, ana mitihani.

Mimi naona ndoa hii isicheleweshwe. Nchi hii ina mambo yake, na binti akikaa sana peke yake hubadilika. Sisemi zaidi. Nikuulize tu: kabla hajaja huku, alikuwa na mtu yeyote? Nauliza kwa wema.

Mdogo wako,
Abdulghafur


Ngamiani, Tanga
14 Machi 2025

Mdogo wangu Ghafuri,

Ramadhani karim. Nakuandikia baada ya adhuhuri, tumbo tupu na hasira imejaa, kwa hiyo nivumilie. Watoto wa paka wamefumbua macho. Mjukuu wa mzee wa msikitini amevunjika mkono kwa kuruka ukuta. Salamu zimekwisha.

Wewe nilikutuma uulize, sikukutuma ujibu. Ami yake amekwisha ita watu. Ndoa wameipanga Ijumaa ya mwisho ya Juni, baada ya Idi Kubwa. Zainab atatumiwa tikiti aje kuolewa kama mzigo unaosubiriwa bandarini. Nimemwambia ami asimamishe, akanijibu: "Mjomba mtu amesema binti kakubali. Wewe unapinga kama nani?" Nikarudi nyumbani, maana aliyenifunga mdomo ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Ghafuri, Zainab anyamaze? Huyu mtoto marehemu baba yake alimwita Chiriku kwa sababu hata usingizini alikuwa anasema. Alipong'olewa jino alimhadithia daktari kisa kizima huku kinywa kimejaa pamba. Alinyamazaje? Mlikuwa mmekaa wapi? Aliangalia chini au alikuangalia wewe? Uliona machozi? Kitabu kinasema kunyamaza kwa haya, hakisemi kunyamaza kwa woga, na mimi niliwafundisha yote mawili ila wewe siku ya pili ulitoroka ukacheza mpira.

Na kwa nini unaniuliza kama alikuwa na mtu? Mtu haulizi moto kama hajaona moshi. Umeona nini?

Mimi nami nimesikia langu. Nasikia mtoto hakai kwako. Nasikia anakaa Oxon Hill, ghorofani, na kwamba nyumba ya chini yake wanakaanga samaki mkavu asubuhi, harufu inapanda mpaka kwenye nguo, mfano wa ng'onda wetu. Usiniulize nimesikia kwa nani. Jibu tu kama ni kweli.

Jana nilimpelekea Edna sahani ya futari, na runinga yake ilikuwa wazi. Nilisimama mlangoni tu, sahani mkononi. Nikaona jinsi wanavyofanya. Wafilipino wanasema lugha yao, na juu yake mtafsiri mmoja anasema Kiswahili kwa wote: sauti ya kijana, ya bibi, ya askari, ya mtoto mchanga. Akifika mahali pamepoa anatia yake, anasalimia watu wa Kigoma, anaomba radhi amekohoa. Huyu wanayempenda sasa ni mwanamke. Sahani ilipoa mkononi kabla sijaikabidhi, lakini hiyo ni kwa sababu Edna alichelewa kuipokea.

Jibu maswali yangu yote.

Dada yako,
Mwatime


Landover, Maryland
20 Aprili 2025

Dada Mwatime,

Sikukuu ya Idi ilikwenda salama, namshukuru Mungu. Tulisali na Wazanzibari na watu wa Mombasa ukumbini, tukala biriani ya Wakenya iliyokuwa na viazi vingi kuliko nyama. Waringa anasema nisikuambie hivyo kwa sababu alipika yeye.

Barua yako imenikosesha amani. Nani amekwambia habari za samaki? Habari hizo nilikuwa nazijua mimi, na Waringa kwa kuwa nilimsimulia. Nikamuuliza. Akaacha vyombo kwenye sinki akaniambia, "Wewe Ghafur, mimi sijaongea na sista yako hata siku moja kuhusu hii maneno. But ningekuwa na uwezo ningemwambia yote, from the start." Sikumwamini. Nikamfikiria Boniface, nikaacha kumpokelea simu kwa muda. Nikamuuliza Idi, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba humu ndani kila mtu anamzungumzia Zainab na hakuna anayezungumza naye. Mtoto wa siku hizi haulizwi kitu.

Basi kwa kuwa una wapelelezi, nikwambie mwenyewe. Ni kweli, hakai kwangu. Sikutaka kukuvunja moyo.

Ilikuwa mwisho wa Januari, kabla barua yako ya kwanza haijanifikia. Nilirudi mapema kazini, nyumba kimya. Nikasikia mazungumzo kutoka chumba cha chini. Nikashuka. Zainab alikuwa kwenye kona, amejifunika blanketi zito gubigubi, kichwa na yote, na humo ndani kulikuwa na watu wawili, Dada. Sauti yake yeye, nyororo, sijawahi kumsikia akisema hivyo. Na sauti nzito inamjibu. Nasikitika kukuandikia, ila umetaka yote. Alisema hivi: "Kama unanitaka, usinitake gizani. Nitake hapa mbele ya tanuri, unga mikononi, baba yako akitutazama." Na ile nzito ikasema, "Nimekutaka tangu mvua ya kwanza." Kisha akalia, kilio chenyewe cha mapenzi.

Nilivuta blanketi. Alikuwa peke yake, na simu mkononi. Nikajua mwanamume yumo ndani ya simu. Nikamuuliza ni nani huyo. Akasema, "Ni kazi, Mjomba." Kazi! Kazi gani ya kumwambia mwanamume maneno ya namna ile chini ya blanketi? Unajua mambo wanayofanya watu kwenye mitandao. Nikamwambia nyumba yangu haina nafasi ya kazi hiyo. Akakunja nguo zake, akaondoka kabla Waringa hajarudi. Waringa hajanisamehe mpaka leo.

Ulipoandika habari ya Sabri, niliona Mungu ameleta stara. Nilimpigia simu, nikamweleza posa. Akanyamaza. Nikarudia, akanyamaza, kisha simu ikakatika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, sikusema uongo.

Baadaye nilikwenda Oxon Hill kuhakikisha. Nilikaa garini ng'ambo ya barabara, na hata kwenye gari harufu ya samaki ilinifikia. Nikamwona anashuka kwenye gari la kijana wa Kifilipino. Kijana amebeba gunia la mchele begani, yeye ameshika mayai, wanacheka, wakaingia pamoja. Sasa unajua. Ndoa ya Juni ndiyo dawa. Usiisimamishe.

Mdogo wako,
Abdulghafur


Ngamiani, Tanga
25 Mei 2025

Abdulghafur,

Sote wazima. Barua hii inakuja na Domina, mkwe wa Edna, anayepanda ndege kesho kutwa, kwa hiyo nimeandika haraka na mwandiko wangu usiulaumu.

Kaa kitini kwanza.

Yale maneno ya tanuri nayajua. Nayajua kwa moyo. Wanawake wote wa barabara hii wanayajua, Edna anamwambia mumewe kila anapotoka kuoga. Yanasemwa na msichana mmoja wa Kifilipino, mchoma mikate, kumwambia mtoto wa mwenye duka, kwenye filamu waliyoitazama kwa Edna mwezi wa pili. Waliyoitazama, na mimi nikiwemo. Kwanza nilikuwa nasimama mlangoni. Kisha Edna akanipa kigoda kwa ajili ya goti. Sasa nina pembe yangu kwenye kochi na asiyejua hawezi kuikalia. Umeridhika? Waambie na wa msikitini ukitaka.

Mtafsiri wa filamu ile anajiita Chiriku. Siku ya kwanza nilipoisikia sauti yake nilishika kizingiti. Nimemzaa mimi, Ghafuri. Nimeisikia sauti ile ikiniomba maji usiku, ikinisomea Kurani, ikibishana nami juu ya kuchana nywele. Hata akisema kizee najua ni yeye. Kizee chake ni mama mkwe wangu, marehemu, kama alivyo. Na ile sauti nzito iliyokukimbiza akili ni yeye vilevile. Ni sauti ya baba yake. Alikuwa akimwiga tangu ana miaka sita, tunacheka mpaka baba mwenyewe anaomba amani.

Blanketi ni la kuzuia mwangwi anaporekodi sauti kwenye simu, kisha anawatumia wenye filamu huku. Edna anasema watafsiri wote hujifunika, wengine huingia kabatini. Mtoto alikwambia ni kazi, na ni kazi. Hukumuuliza swali la pili. Umemfukuza mpwa wako kwenye theluji kwa maneno ya Mfilipino.

Na habari za samaki alinipa yeye mwenyewe. Katikati ya filamu, kijana na msichana wanatazamana bila kusema, Chiriku akatia yake: "Mniwie radhi, nimehamia Oxon Hill, wa chini yangu wanakaanga ng'onda wao na mimi naswali na harufu." Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Niliwaza kwa nini mwanangu amehama na mjomba wake ananiandikia kwamba yumo chumbani.

Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu nimesimama mbele ya mabinti za watu nikasema mimi simo. Na mwanangu naye hakuniambia kwa sababu hiyo hiyo. Aliogopa ulimi wangu. Hilo limeniuma kuliko yako yote.

Sasa sikiliza, maana siku hazitungoji. Wiki iliyopita ilikuja filamu mpya. Msichana anaulizwa na mama yake kama ataolewa na mwenye malori. Msichana ameinamisha kichwa, midomo imefungwa, anatazama vidole vya miguu yake tu. Na sauti ya Chiriku ikasema juu ya mdomo ule uliofungwa: "Mama, mimi sijasema ndiyo. Kuna mtu amenisemea." Sebule nzima ikapiga kelele kwamba mtafsiri amekosea, mbona mdomo haukufunguka. Edna akarudisha nyuma, ikasema vilevile. Nilitoka nje nikakaa barazani nikalia.

Nimekwenda kwa ami yake kwa mguu. Nikamwambia binti hataki. Akauliza, "Umemsikia wapi?" Ningemjibu nini? Nimemsikia kwenye runinga ya Edna, kwa kinywa cha Mfilipino? Akasema yeye alipata ndiyo kutoka kwa mjomba, na hapana ataipokea kutoka kwa mjomba. Nikampigia Zainab, anasema "niko salama, Mama", na nyuma yangu watoto wa ami wamesimama. Hawezi kusema nami siwezi kuuliza.

Kwa hiyo uliyefunga ndiye utakayefungua. Nenda Oxon Hill. Usikae garini. Panda ngazi, gonga mlango, muulize tena, na safari hii ngoja mpaka aseme. Akinyamaza, endelea kungoja. Kisha mwandikie ami kwa mkono wako.

Mwatime


Oxon Hill, Maryland
1 Juni 2025

Dada yangu,

Waringa na Idi wanakusalimu. Nakuandikia mezani kwa mwenye nyumba wa Zainab, mama wa Kifilipino aitwaye Corazon, muuguzi katika nyumba ile ile ya wazee. Amenilisha wali na samaki wale. Ukishazoea harufu, ni watamu.

Nilipanda ngazi. Nikagonga mlango. Alifungua mwenyewe. Alikuwa amejifunga blanketi lile lile mabegani. Kumbe alilichukua kwangu. Nikasema, "Zainab, nimekuja kukuuliza." Akanitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyewahi kumuuma.

Niliuliza habari ya Sabri. Akanyamaza. Nikangoja. Mama Corazon akaleta maji, akaondoka. Nikangoja. Dada, sijawahi kukaa kimya na mtu namna ile, ni kazi ngumu kuliko ghala. Mwisho akasema: "Sitaki, Mjomba. Sikutaka siku ile, sitaki leo. Na siku ile hukuniuliza, ulinipa habari." Nikamwambia nimesikia. Akasema nirudie nilichosikia. Nikarudia kama mtoto wa madrasa.

Yule kijana wa mchele ni Dindo, mtoto wa mwenye nyumba. Filamu zina maandishi ya Kiingereza chini, ila Dindo na mama yake humweleza yale ambayo maandishi yanaruka: matusi, mizaha, mama anaposema amekula kumbe hajala. Zainab anasema ndiyo maana tafsiri zake zinapendwa, kwamba Wafilipino na sisi tunafichana mambo kwa namna moja. Kuhusu Dindo sikuona zaidi ya mchele. Lakini macho yangu yamenidanganya mara moja, kwa hiyo siapi.

Nilimwomba arudi nyumbani. Alikataa kwa adabu. Alisema akitaka kuja kula atakuja, ila kulala atalala hapa. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya ami yake, nimeandika yote na kutia sahihi. Gwakisa, mwanafunzi anayekuja likizo, ataileta.

Kabla sijaondoka aliniuliza kama nina haraka. Nikasema sina. Kuna jambo aliniomba, sitaliandika. Naona haya.

Abdulghafur


Ngamiani, Tanga
11 Juni 2025

Mdogo wangu Ghafuri,

Idi Mubarak. Goti lina nafuu. Watoto wa paka wamegawiwa, na mmoja amebaki kwangu, usiniulize kwa nini.

Barua yako ilifika mapema, pamoja na karatasi ya ami. Sikuipeleka. Usikasirike. Wewe ndiye uliyeniandikia "anarudi chumbani kwake" kwa mwandiko huu huu mzuri, na mtu akiumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hizi "sitaki" zako zingeweza kuwa za kuninyamazisha dada yako. Nikasema nitangoja mpaka nisikie kwa masikio yangu.

Jana Edna akaleta filamu mpya. Wanawake walikuwa wamejaa mpaka uani. Kisa ni cha baba mmoja, dereva, amemfukuza binti yake kwa kumdhania mabaya, na miaka inapita. Chiriku anasema sauti zote kama kawaida yake. Akafika yule baba anapogonga mlango wa binti, na hapo sauti ikabadilika. Mwanamume kweli. Anasoma kama mtu anayesoma tangazo la msiba, anameza mate katikati ya maneno, na anakohoa kikohozi cha ukoo wetu.

Edna akasema, "Huyu wamemtoa wapi? Hajui kazi." Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kochi.

Baba akauliza, "Mwanangu, unataka nini? Sema mwenyewe, nangoja." Na msichana, kwa sauti ya Chiriku, akajibu, "Sitaki kuolewa, baba. Nataka kuulizwa." Nikajua yote mawili hayakuwa ya Mfilipino. Nikaanza kutafuta kandambili zangu niende kwa ami, na karatasi yako ilikuwa kifuani tangu asubuhi. Leo wazee wa Sabri wamekwisha rudishiwa vyao vya posa, kwa heshima. Ami hanisemeshi, atazoea. Na yule Dindo wa mchele bado namtilia shaka. Siku yake ipo.

Lakini jana sikutoka mara moja. Kwenye picha yule baba wa Kifilipino alikuwa amemaliza, amefunga mdomo, amesimama tu mvuani. Na sauti yako ikaendelea juu ya mdomo ule uliofungwa: nisamehe, mwanangu, nilisikia nisichokijua, nikakifanya changu, nisamehe. Wanawake wakaanza kulalamika kwamba mtafsiri mgeni anapitiliza, picha imekwisha yeye bado anasema. Edna akanyoosha mkono kuchukua rimoti.

Nikamshika mkono. Nikasema, mwacheni amalize.

Dada yako,
Mwatime